Wageni Waliochora Sura za Mataifa

Bolton ni mji wa kaskazini mwa Uingereza uliojulikana kwa viwanda vya pamba na moshi wake. Si mji ambao mtu angeutazamia kushika rekodi ya sanaa. Hata hivyo ndiko alikozaliwa Thomas Cole mwaka 1801, na ndiko alikozaliwa Thomas Moran mwaka 1837, na bila hao wawili historia ya uchoraji wa mandhari Marekani haisimuliki. Cole anahesabiwa kuwa mwasisi wa kundi linaloitwa Shule ya Mto Hudson. Moran ndiye aliyewafanya Wamarekani wa pwani ya mashariki waamini kwamba magharibi mwa nchi yao kuna mabonde ya rangi ya dhahabu na maji yanayochemka yenyewe. Kama ipo tuzo ya mji uliolisaidia zaidi taifa lisilo lake, Bolton wachukue.

Nimeanza na Bolton makusudi. Zikusanye rekodi za wachoraji wa mandhari waliolipa taifa fulani mtindo wake, kuanzia picha kubwa hadi ndogo, ghali hadi iliyosahaulika, na karibu kila mahali utamkuta mtu wa kuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji amezaliwa akaukuta mlima, atakufa auache, na hana sababu ya kuukodolea macho. Mgeni ndiye anayeduwaa.

Cole alifika Marekani mwaka 1818 akiwa kijana wa miaka 17. Mwaka 1825 alisafiri kuupanda Mto Hudson, akarudi New York na picha alizoziweka dukani. Zikanunuliwa na wachoraji watatu waliokuwa na majina tayari: John Trumbull, William Dunlap na Asher Durand. Ukitaka kumwona Cole mwenyewe, iangalie kwa karibu picha yake ya mwaka 1836 inayoitwa The Oxbow, iliyoko Metropolitan Museum, New York. Kushoto dhoruba inaondoka msituni, kulia mto umejikunja katikati ya mashamba yenye jua. Chini kabisa, kati ya miamba, kuna kimtu kidogo chenye kofia kimeketi kinachora. Kimegeuza kichwa kukutazama. Ndiye Cole, mtoto wa Bolton, anahakikisha kama na wewe umeona.

Iliyopangiwa foleni kuliko zote

Mwanafunzi wa Cole, Frederic Edwin Church, alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa, kutoka Hartford, Connecticut. Sasa sikiliza kichekesho: picha iliyompa umaarufu mkubwa kuliko yote haionyeshi hata jiwe moja la Marekani yake. The Heart of the Andes, ya mwaka 1859, ni milima ya Ecuador, nchi aliyoizuru mwaka 1853 na tena 1857. Turubai lina upana wa mita 3 na kimo kinachokaribia mita 1.7. Church aliliweka peke yake chumbani, ndani ya fremu nzito ya mbao nyeusi iliyotengenezwa ionekane kama dirisha, na mapazia pembeni. Kiingilio kilikuwa senti 25. Watazamaji walikuja na darubini ndogo za kutazamia tamthilia ili waone jani moja moja na ndege mmoja mmoja. Kwa muda wa wiki tatu hivi walifika zaidi ya 12,000, kuangalia picha moja.

Iliuzwa kwa dola 10,000, bei ambayo hakuna mchoraji wa Marekani aliyekuwa ameipata akiwa hai. Rekodi hiyo haikukaa sana. Mwaka 1865 Albert Bierstadt, mzaliwa wa Solingen, Ujerumani, aliuza picha yake kubwa ya Milima ya Rocky kwa dola 25,000. Mjerumani, tena mlima wa Marekani. Binafsi naona Bierstadt alizidisha chumvi. Vilele vyake ni virefu mno, mwanga wake ni wa jukwaani. Lakini wanunuzi wa wakati ule hawakuniuliza.

Church alirudi kwenye vitabu vya rekodi baada ya kufa. Picha yake ya mwaka 1861, The Icebergs, ilikwenda Uingereza ikapotea machoni pa watu kwa zaidi ya karne. Kumbe ilikuwa ikining'inia kwenye ngazi za nyumba ya malezi ya wavulana mjini Manchester, watoto wakipita mbele yake kila siku kwenda kulala. Ilipofika mnadani New York mwaka 1979 ilichukuliwa kwa dola milioni 2.5, bei ya juu kuliko picha yoyote ya Kimarekani kufikia siku hiyo. Leo iko Dallas.

Iliyofuatana na hifadhi ya kwanza duniani

Moran alikwenda Yellowstone mwaka 1871 na msafara wa kiserikali wa kupima ardhi ulioongozwa na Ferdinand Hayden. Hakuwa mtu wa farasi hata kidogo. Mpigapicha wa msafara, William Henry Jackson, alikumbuka jinsi Moran alivyoweka mto wa kulalia juu ya tandiko ili aweze kukaa. Alichora kwa rangi za maji, Jackson akapiga picha, na kazi zao zikapelekwa Washington kuonyeshwa wabunge. Tarehe 1 Machi 1872 Yellowstone ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza ulimwenguni. Wazo hilo ndilo lililotufikia baadaye huku kwetu na kuzaa Tsavo mwaka 1948 na Serengeti mwaka 1951.

Husimuliwa mara nyingi kwamba lile turubai kubwa la Moran, The Grand Canyon of the Yellowstone, ndilo lililowalainisha wabunge. Tarehe zinakataa. Turubai lilikamilika sheria ikiwa imekwisha kusainiwa. Zilizofanya kazi ni zile karatasi ndogo za rangi za maji. Bunge lililinunua turubai baadaye mwaka huohuo kwa dola 10,000.

Ndogo kuliko zote

Agosti 1889, mjini Melbourne, kundi la vijana walifungua maonyesho ya picha 183, nyingi zikiwa na ukubwa wa sentimita 23 kwa 13. Walichorea juu ya vifuniko vya masanduku ya sigara. Fremu zilikuwa vipande vya mbao nyekundu visivyopakwa urembo. Mkosoaji mkuu wa mji, James Smith, aliwaponda gazetini vibaya sana. Wao wakayakata yale makala na kuyabandika mlangoni pa maonyesho, ili kila anayeingia ayasome kwanza. Watu wakazidi kuingia.

Hao ndio Shule ya Heidelberg, waliowafundisha Waaustralia kwamba nyasi kavu za manjano na mikalitusi yenye magome yanayobanduka ni kitu cha kutundika ukutani. Kabla yao wachoraji wengi waliipaka nchi ile kijani cha Ulaya. Tom Roberts, aliyekuwa kama kaka mkubwa wa kundi, alizaliwa Dorchester, Uingereza. Charles Conder alizaliwa London. Arthur Streeton na Frederick McCubbin ndio waliokuwa wenyeji, na Streeton aliweka rekodi yake mwenyewe: picha yake Golden Summer, Eaglemont, aliyoichora akiwa na miaka 21 au 22, ilikuwa ya kwanza ya mchoraji aliyezaliwa Australia kutundikwa Royal Academy ya London.

Nimeandika "wenyeji". Wenyeji halisi wa Australia walikuwako kwa maelfu ya miaka, na rekodi inayouma kuliko zote katika orodha hii ni ya mmoja wao.

Mwenyeji aliyefanywa mgeni

Albert Namatjira alizaliwa mwaka 1902 Hermannsburg, kituo cha misheni ya Kilutheri katikati ya jangwa la Australia. Alikuwa Mwarrernte. Mwaka 1936 mchoraji mzungu aitwaye Rex Battarbee alihitaji mtu wa kumwongoza nyikani na ngamia. Namatjira alikubali, naye akafundishwa rangi za maji kama sehemu ya malipo. Safari ilichukua miezi miwili hivi. Miaka miwili baadaye, 1938, alifanya maonyesho yake mwenyewe Melbourne na picha zote zikauzwa.

Zitazame kazi zake bila haraka. Mkalitusi mweupe umesimama mbele, shina lake likiwa nyororo kama mkono wa mtu, na nyuma yake Milima ya MacDonnell imepakwa zambarau na buluu ambazo asiyefika huko hudhani ni uongo. Si uongo, jioni huwa hivyohivyo. Wakosoaji wa mijini walisema amewaiga wazungu tu. Hawakujua kwamba kila mlima aliouchora ulikuwa na wenyewe, na kwamba alichora nchi anayotokana nayo upande wa baba na upande wa mama.

Picha zake zilichapishwa upya zikajaa kwenye kuta za nyumba za Australia. Mwaka 1954 alikutanishwa na Malkia Elizabeth mjini Canberra. Lakini mtu huyo huyo aliomba eneo la malisho akanyimwa, akataka kujenga nyumba mjini Alice Springs akanyimwa. Alilipa kodi ya mapato bila kuwa raia kamili. Mwaka 1957 serikali ilimwondoa yeye na mkewe kwenye orodha ya watu wanaowekwa chini ya ulezi wake, ikawapa uraia kamili, akawa wa kwanza kati ya wenyeji wa Northern Territory kuupata kwa njia hiyo. Watoto wake hawakupewa. Uraia ulimruhusu kununua pombe, ila si kuwagawia ndugu zake, na katika mila yao kula peke yako ni aibu. Mwaka 1958 akahukumiwa kwa kumpa pombe ndugu na mchoraji mwenzake. Alitumikia kifungo cha miezi miwili hivi, na tarehe 8 Agosti 1959 akafa akiwa na miaka 57.

Haikuishia hapo. Mwaka 1983 msimamizi wa mirathi wa serikali aliuza hakimiliki ya kazi zake zote kwa dola 8,500 za Australia, na familia ikaachwa bila kitu wakati picha za babu yao zikiendelea kuchapishwa. Ilirudi mwaka 2017, baada ya kupigania miaka mingi, kwa bei ya dola moja. Rekodi ya hakimiliki ya bei nafuu kuliko zote katika sanaa ya mandhari huenda ni hiyo, na hakuna wa kujivunia.

Saba waliokuwa kumi

Kanada nako kuna hesabu zake. Kundi la Saba lilifanya maonyesho ya kwanza Toronto, Mei 1920. Mmoja alijitoa mapema, wengine watatu wakaongezwa miaka iliyofuata, na hadi linavunjika mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilikuwa limepitiwa na watu kumi. Maarufu kuliko wote hakuwa hata miongoni mwao, kwa sababu alikuwa ameshakufa.

Huyo ni Tom Thomson. Alikuwa mchoraji wa matangazo katika kampuni ya Toronto, kisha akawa anakwenda Algonquin Park kila msimu, mara kama mwongoza wavuvi, mara kama mlinzi wa moto. Alichora haraka kwenye vibao vidogo vya kiasi cha sentimita 21 kwa 26, mbu wakimla. Majira ya baridi alirudi mjini, akapanga kibanda nyuma ya jengo la studio kwa dola moja kwa mwezi, na humo akaviendeleza vibao viwili vitatu kuwa picha kubwa. The Jack Pine ni mojawapo: msonobari mmoja uliopinda, ziwa nyuma yake, anga ya jioni iliyopakwa kwa mistari mipana kama matofali. Julai 1917 mtumbwi wake ulikutwa Canoe Lake ukiwa mtupu, na siku chache baadaye mwili wake. Alikuwa na miaka 39, na kazi yake nzito yote ilikuwa ya miaka kama mitano. Wakanada hawajaacha kubishana kama alizama au aliuawa.

Rafiki zake walioendelea walikuwa wakikodi behewa la treni. Kweli: katika eneo la Algoma walipewa behewa lenye jiko na vitanda, likafungwa nyuma ya treni, likaachwa kwenye njia ya pembeni siku kadhaa wakachora, kisha likavutwa hadi kituo kinachofuata. Sijui studio nyingine ya aina hiyo.

Na ugeni? J.E.H. MacDonald, Arthur Lismer na Frederick Varley walizaliwa Uingereza, hao wawili wa mwisho katika mji mmoja, Sheffield. Zaidi ya hayo, Januari 1913 MacDonald na Lawren Harris walivuka mpaka kwenda Buffalo, Marekani, kuona maonyesho ya wachoraji wa Skandinavia. Walirudi wamewaka moto. Theluji, misonobari, ziwa lililoganda: Waskandinavia walikuwa wameshagundua namna ya kuvichora. Kwa hiyo mtindo unaosifiwa kuwa wa Kikanada kuliko wote ulipata cheche kwa Wanorwe na Waswidi, ndani ya Marekani. Mwaka 2016 picha ya Harris, Mountain Forms, iliuzwa Toronto kwa zaidi ya dola milioni 11 za Kanada, rekodi ya mnada kwa sanaa ya nchi hiyo.

Wasomaji mlioko Toronto, kile kibanda cha Thomson kilihamishiwa Kleinburg, kwenye viwanja vya jumba la McMichael. Sita wa Kundi wamezikwa hapohapo.

Iliyoibwa mchana kweupe

Arkhip Kuindzhi alizaliwa Mariupol katika familia ya Wagiriki, akapata jina St Petersburg. Mwaka 1880 alionyesha picha moja, usiku wa mbalamwezi juu ya Mto Dnieper, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia, taa ikiimulika yenyewe tu. Foleni ilifika barabarani. Watu walichungulia nyuma ya turubai kutafuta taa iliyofichwa. Mwana mmoja wa ukoo wa mfalme aliinunua rubles 5,000, akaipenda hata akaipakia melini kwenye safari yake, ingawa mwandishi Turgenev alimsihi aiache Paris. Rangi zilifanya giza, na zimebaki hivyo. Kuindzhi mwenyewe, miaka miwili baada ya ushindi ule, aliacha kabisa kuonyesha kazi zake kwa takriban miaka 20.

Januari 2019 mtu mmoja aliingia Tretyakov Gallery, Moscow, akaitoa picha ya Kuindzhi ukutani mbele ya watazamaji, akaondoka nayo akitembea. Waliomwona walidhani ni mfanyakazi. Ilipatikana kesho yake. Warusi wanamwita wao, Waukraine wanamwita wao, na jumba la makumbusho lenye jina lake Mariupol liliharibiwa vitani Machi 2022.

Isaac Levitan, anayetajwa kuwa ndiye aliyeielewa huzuni ya nchi ya Urusi kuliko yeyote, alikuwa Myahudi kutoka eneo ambalo leo ni Lithuania. Alifukuzwa Moscow mara mbili kwa sababu ya Uyahudi wake. Alikufa na miaka 39, sawa na Thomson.

Mchoraji mwenzao Shishkin yeye anashika rekodi ya kuliwa. Dubu wa picha yake ya msitu asubuhi, ya mwaka 1889, wako kwenye karatasi za peremende za chokoleti za Urusi hadi leo. Ila dubu hao hakuwachora yeye. Aliwachora rafiki yake Konstantin Savitsky, na mnunuzi wa picha akaifuta sahihi ya Savitsky.

Chapchap

Kijana kuliko wote: Wang Ximeng wa China, miaka 18, alipochora mwaka 1113 kitambaa cha hariri chenye urefu wa karibu mita 12 kilichojaa milima ya kijani na buluu. Haijulikani kazi yake nyingine. Ghali zaidi kwa Wachina: vipande 12 vya mandhari vya Qi Baishi, vya mwaka 1925, vilivyouzwa Beijing mwaka 2017 kwa yuan milioni 931.5, kazi ya kwanza ya Kichina kupita dola milioni 100. Qi alianza maisha kama fundi seremala kijijini Hunan. Kwa China nakiri hoja yangu ya wageni haisimami. Wale walijichorea wenyewe.

Aliyechora kwao kutoka mbali zaidi kwa muda mrefu: Johan Christian Dahl, baba wa mandhari ya Norway, aliyeishi Dresden, Ujerumani, tangu 1818 hadi kifo chake mwaka 1857. Mwaka 1841 alinunua kanisa zima la mbao kutoka Vang lisibomolewe. Leo liko Karpacz, Poland, na ibada hufanyika humo.

Mtindo wa taifa uliotokea upesi zaidi ni wa kwetu, ingawa si wa mandhari hasa: Edward Saidi Tingatinga alichora miaka isiyozidi minne au mitano Dar es Salaam, kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za hardibodi, kabla ya kupigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972.

Aliyekuja kwetu

Nimemweka mwisho Akseli Gallen-Kallela. Ndiye mchoraji wa taifa la Finland, aliyechora visa vya Kalevala na maziwa ya kwao wakati nchi ikiwa chini ya Urusi. Ziwa Keitele, aliyoichora mwaka 1905, iko National Gallery ya London: maji ya kijivu yaliyokatwa na mikanda myeupe ya upepo, na wingu moja. Nyumbani kwao walizungumza Kiswidi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Axel Gallén. Alilibadili mwaka 1907.

Mwaka 1909, akiwa kwenye kilele cha umaarufu, alimchukua mkewe Mary na watoto wao wawili, Kirsti na Jorma, akaja Kenya. Walikaa hadi mwisho wa mwaka 1910, karibu na Nairobi. Yule mtu wa kijivu na theluji akaanza kupaka nyekundu, machungwa na zambarau, kwa rangi nzito, picha ndogo za haraka: tambarare, mvua ya mbali, Mlima Kenya. Alirudi na picha zaidi ya 150, pamoja na pembe na ngozi za wanyama aliowawinda, jambo ambalo leo halimpi sifa. Wafini walizipokea picha zile kwa ubaridi. Hazikufanana na Finland.

Zinafanana na hapa. Ni miongoni mwa picha za rangi za mafuta za mapema zaidi za mandhari ya Kenya zilizofanywa na mchoraji wa daraja la juu, na nyingi ziko Finland, baadhi katika nyumba aliyoijenga Tarvaspää, Espoo, ambayo sasa ni makumbusho. Wakuu wa makumbusho ya Nairobi na wenzao wa Espoo wakae mezani. Picha hizo zitundikwe Nairobi hata kwa miezi mitatu, na kiingilio kiwe cha mwananchi wa kawaida.